Nywele za Gesare Ziko Mosocho

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa upande huu wa Nyamira, nanyi mliotoka Kisii mjini, Keumbu, Mosocho na hata Ogembo kuja kukaa nasi juani, familia ya Cleophas Nyangau inawaomba mtulie kidogo, wenye nafasi kwenye nyasi waketi na wenye watoto wawanyonyeshe, maana maisha tunayotaka kuwasomea hayakuwa ya haraka, na mwenyewe alikuwa hapendi mtu anayeketi mbele yake huku moyo umeshasimama kuondoka.

Marehemu Drusilla Gesare alizaliwa katika kijiji kilicho chini ya barabara ya Keumbu, mwaka wa nzige, ambao cheti chake cha ubatizo kinauita 1931, akiwa binti wa tatu wa Mzee Okemwa, seremala, na Mama Mokeira, ambaye wenye umri kati yenu mnamkumbuka kwa wembe wake. Mama Mokeira ndiye aliyeitwa katika kila boma lililofiwa pande zile, kuwanyoa wajane na watoto wao baada ya maziko, na Gesare, tangu alipoweza kubeba kibuyu cha maji bila kukimwaga, alitembea nyuma yake. Huko ndiko alikoyaona mambo mawili ambayo hakuyaacha mpaka mwisho. La kwanza, mama yake hakugusa wembe kabla ya kuweka viganja vyote viwili juu ya kichwa cha mfiwa, akafumba macho, akanong'ona "Bwakire buya," kama mtu anayemwamkia jirani asubuhi, akakaa hivyo mpaka pumzi za yule aliyeketi zikatulia, na bintiye alipomuuliza anafanya nini, alisema anakisalimia kichwa, kwa kuwa hakuna anayeingia nyumba ya watu bila hodi. La pili, hapakuwa na unywele uliobaki chini, wote uliokotwa kwa mkono, ukafungwa katika jani kavu la mgomba, akakabidhiwa mwenyewe akazike au achome kwa namna aliyoona yeye, maana katika nchi yetu hii, na tuseme kweli kwa kuwa tuko mbele ya kaburi, hakuna anayelala vizuri akijua nywele zake ziko mikononi mwa mtu asiyemjua, au mbaya zaidi, mikononi mwa mtu anayemjua sana.

Alisoma katika shule ya misheni iliyokuwa karibu na kwao kuanzia mwaka 1940 hadi 1944, akafika darasa la nne, akajua kusoma Biblia na kuandika jina lake kwa mwandiko mzuri, na wenzake wa darasa wanaokumbuka siku zile wanasema wakati wa mapumziko wasichana walikuwa wakijipanga mbele yake chini ya ukuta wa jiko la shule, wakichanwa mmoja baada ya mwingine kwa kijiti cha mbao alichochongewa na baba yake, na kwamba hata wale waliokuwa wakorofi darasani walitoka mikononi mwake wakiwa wapole. Ada ilipokosekana alirudi nyumbani, hakulalamika, akalima wimbi na mama yake na kuendelea kubeba kile kibuyu.

Jumapili tarehe 17 Desemba 1950 alifunga ndoa na Cleophas Nyangau, kijana wa hapa Nyamira, katika kanisa la Waadventista la nyumbani kwao, na Mungu akawajalia watoto watatu, Manasseh aliyezaliwa mwaka 1952, Marion wa mwaka 1955, na Esnah wa mwaka 1960. Cleophas alipopata kazi ya reli mjini Kisumu, mwaka 1953, walihamia huko, na mkewe akaajiriwa kufagia saluni ya mama mmoja wa Kihindi, ambaye kwa miaka ya kwanza hakumruhusu kushika kitu chochote isipokuwa ufagio. Ilikuwa ni huyo mama aliyeona, siku moja mvua ikinyesha na wateja hawapo, kwamba mfagiaji wake hakuzichanganya nywele alizozifagia, bali alizitenga katika vifungu kando ya mlango, kila kichwa na kifungu chake, akamuuliza kwa mshangao, "Wewe Gesare, unataka kuuza?" naye akajibu, "Hapana, mama. Nangoja wenyewe wakumbuke." Mama yule alicheka mpaka akakaa chini, halafu hakucheka tena, akampa mkasi.

Hapo Kisumu alijifunza kukata, kuosha, kunyoosha kwa kitana cha moto na kupaka rangi, na tunaomba mtuvumilie tueleze kidogo alivyofanya kazi hiyo, kwa sababu wengi wenu mmeketi katika kiti chake lakini hamkuwahi kumwona, mlikuwa mmefumba macho. Alipofungua chumba chake mwenyewe Kisii mjini, Januari 1964, nyuma ya duka la fundi cherehani, chenye dirisha moja linalotazama mahali pa kuuzia ndizi, alikuwa na kiti kimoja, jiko la makaa, beseni, uzi mweusi, vitana viwili vya chuma, na hakuwa na kioo. Wateja wa kwanza walikitafuta hicho kioo ukutani na kunung'unika, mmoja akamwambia, "Dada, saluni bila kioo ni kama chai bila majani," naye akamjibu kwamba kioo kinamfundisha mtu kutazama kipaji cha uso peke yake, na yeye anakata kichwa kizima. Alikisalimia kwanza, viganja viwili, macho yamefumbwa, akipita polepole kutoka utosini hadi kisogoni, akitafuta mahali nywele zinapogeukia, mahali palipo na kovu la utotoni, mahali ngozi imebana kwa sababu ya mawazo, na alipofumbua macho hakuuliza mtu anataka mtindo gani, aliuliza, "Unatoka wapi na unaenda wapi?" kisha akakata kulingana na jibu. Aliyekuwa anakwenda kulima hakumkata kama anayekwenda arusini, na aliyesema anakwenda nyumbani tu, hali hana haraka ya kuinuka kitini, alimwosha mara ya pili kwa maji ya uvuguvugu bila kumuuliza zaidi.

Kitana cha moto alikijaribu kwenye kipande cha gazeti, karatasi ikigeuka rangi alikipepea na kungoja, hata kama nje wanawake walikuwa wakipiga kelele kwamba gari la Ogembo linaondoka. Rangi nyeusi, ile tunayoiita kanta, aliitia tone moja nyuma ya sikio na kumwambia mteja azunguke sokoni kwanza, akirudi bila mwasho ndipo apakwe. Na alikuwa na desturi, ambayo wengi mtacheka mkiikumbuka, ya kuacha unywele mmoja mweupe bila kuupaka, mahali pa siri karibu na shingo, na mtu akiuliza kwa nini, alisema, "Huo ni wa kumwonyesha Mungu, asije akakutafuta katika foleni ya wasichana." Wazee wa kanisa walipomwita kumuuliza kama rangi si pambo la dunia, aliwasikiliza kwa heshima, akasema yeye hajui mambo makubwa, ila amewaona wanawake wakiingia kwake na vichwa vimeinama na kutoka vimenyooka, na kwamba akionyeshwa dhambi iliyo katika shingo iliyonyooka ataacha. Hawakumwonyesha, wala hawakumkubalia, jambo likabaki hivyo, na kila Sabato aliketi mahali pake pa kawaida.

Na kila mteja, awe mke wa chifu au mpagazi wa stendi, alitoka na kifungu chake cha nywele katika jani kavu la mgomba lililofungwa kwa uzi mweusi. Hilo ndilo lililomletea sifa kuliko mkasi, kwa sababu wanawake walikuja kutoka mbali si kwa ajili ya urembo tu, walikuja kwa sababu hapo kwa Gesare mtu aliondoka akiwa mzima, hakuna kipande chake kilichobaki nyuma. Na hilo hilo ndilo lililotaka kummaliza.

Jumatatu tarehe 22 Aprili 1968, siku ya soko, waliketi katika kiti kile, mmoja asubuhi na mwingine alipotoka yule wa kwanza kwenda kununua chumvi, wake wawili wa bwana Momanyi wa Mosocho, Mama Mong'ina mke mkubwa na Nyanchera mke mdogo, bila kujuana kwamba wote wanakuja. Hawa wako hapa nasi leo, wametupa ruhusa kwa midomo yao tulisome jambo hili kama lilivyokuwa, nasi tunawashukuru. Nyanchera wakati huo alikuwa na mimba, na kabla yake alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na katika boma lile yalikuwa yamesemwa maneno kuhusu mke mkubwa, ambayo hatuna haja ya kuyarudia, kila mmoja wetu amewahi kuyasikia kuhusu mtu fulani. Mama Mong'ina alirudi kuchukua kifungu chake wakati Nyanchera bado anafungwa kitambaa, wakaonana mlangoni, wakapita kila mmoja bila kuamkia, na katika ule ubaridi uliojaa chumba, Gesare, ambaye hakuwahi kukosea, alinyoosha mkono dirishani vilipokuwa vimewekwa pamoja vifungu viwili vilivyofanana, akampa kila mmoja cha mwenzake.

Nyanchera aliposhusha mzigo nyumbani alifungua jani lake ili azichome nywele jikoni, akaona nywele ambazo nchani ni nyeusi na shinani ni nyeupe, na hapo hapo alielewa mambo mawili, kwamba mke mwenzake alikuwa akipaka rangi miaka yote hiyo, na kwamba nywele zake yeye, pamoja na maisha ya aliye tumboni, ziko katika nyumba ya pili. Hakupiga kelele, alikaa tu kwenye kizingiti na kukataa kula, na hilo liliwatisha watu kuliko kelele. Momanyi alikuwa kazini Kericho, na asubuhi iliyofuata ndugu yake Nyamongo, pamoja na vijana wa pale, walikuwa wameuzunguka mlango wa Mama Mong'ina wakiwa na fimbo, na mmoja wao alikuwa ameshavuta nyasi kavu kutoka pembe ya paa, akizishika mkononi kama mtu asiyejua bado atazifanyia nini.

Habari zilimfikia Gesare kupitia kwa mwanamke aliyeleta maziwa mjini, ambaye alimwambia, "Wanasema ulilipwa, dada. Kimbia kwenu Nyamira, usije ukaonekana." Gesare alikuwa amemkalisha mteja ambaye upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekatwa na mwingine bado. Alimfunga kitambaa, akamwomba radhi, akatia mkasi mfukoni na kushika njia ya Mosocho kwa miguu, na mumewe, aliyekuwa ameacha kazi ya reli na kufungua kibanda cha kutengeneza viatu ng'ambo ya barabara, aliacha kiatu juu ya chuma na kumfuata nyuma bila kumuuliza, kwa sababu, anasema, alimwona jinsi alivyokuwa akitembea.

Alipofika aliwapita vijana kama mtu anayepita migomba, akasimama mbele ya mlango wa Mama Mong'ina na kusema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Kosa ni langu. Mikono ni yangu. Huyu mama hajui hata ana nini." Nyamongo akamwambia, "Wewe mwanamke wa mjini, nyamaza, hatukukuita hapa." Akamjibu, "Hukuniita, shemeji, lakini mwiko unaokorogea ni wangu, nimeurudia." Mama Mong'ina alitoka ndani akiwa ameshika kifungu mkononi, uzi wake haujaguswa, maana alikuwa amekichomeka darini akingoja siku ya kukizika kama alivyozoea, na alichosema kwanza hakikuwa cha kujitetea. Alimtazama Gesare na kusema, "Umenivua nguo mbele ya mke mwenzangu. Hao wangeniua kwa siku moja, wewe umenipa aibu ya kuishi nayo." Gesare alipiga magoti mbele yake akaomba msamaha, yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na walioshuhudia wanasema hapo ndipo fimbo za kwanza ziliposhushwa chini, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefikiri mama yule anastahili kuombwa msamaha na mtu.

Lakini kurudisha kifungu hakukutosha. Watu walisema, tunajuaje kwamba hazikutolewa tatu au nne, uzi hufunguliwa na kufungwa, na Nyanchera kutoka kizingitini kwake alisema kwa sauti ndogo, "Hata mkinirudishia zote sitajua kama ni zote." Na hilo lilikuwa kweli, hakuna duniani anayezijua nywele zake kwa hesabu isipokuwa aliyeziumba. Gesare alizitazama zile nyumba mbili. Kisha akaomba ungo, akauweka chini katikati ya ua, kati ya nyumba mbili, akavua kitambaa chake, na nywele zake, ambazo nyinyi mliosuka naye mnakumbuka zilivyokuwa, zilizofika mabegani, ambazo Cleophas alizichana kila Ijumaa kabla jua halijazama, akazikata zote kwa mkasi wake mwenyewe, shina kwa shina, pale chini, mbele ya watu, hata kuku wanasemekana walisimama. Aliziangusha ndani ya ungo. Akafungua kifungu cha kwanza akakimwaga juu yake, akafungua cha pili akakimwaga, akazichanganya kwa vidole vile vile alivyokuwa akisalimia vichwa vya watu, mpaka nyeupe na nyeusi na zile zake zikawa kitu kimoja, akagawa mafungu matatu, akasema, "Sasa nani ataweza kuzichambua? Anayetaka kumdhuru mmoja atatudhuru sote watatu, na mimi nimo, watoto wangu wamo. Mama Mong'ina, chukua. Nyanchera mwanangu, chukua. Hili langu."

Mama Mong'ina alilishika fungu lake, akakitazama kile kichwa kilichokatwa ovyo, penye mabonde na vilima, na kitu ambacho hakuna aliyekitegemea kikatokea, akaanza kucheka, akasema, "Gesare, wewe uliyewakata watu wote wa Kisii, nani amekukata vibaya hivi?" Nyanchera naye akatoa sauti, hakuna anayejua kama kilikuwa kicheko au kilio, akaja akachukua fungu lake. Kijana aliyeshika nyasi alizirudisha pembeni mwa paa, akizipanga moja moja, kama aliyekuja kuezeka.

Kamati ya kanisa ilimwita tena mwezi uliofuata, na safari hii waliuliza kwa ukali kama mwanamke aliyebatizwa anaamini uchawi hata akatumia nywele zake mbele ya umati. Alisema, "Sikwenda kuamini, wazee. Nilikwenda kurudisha." Mzee mmoja, ambaye ametangulia kulala, alifunga Biblia yake na kusema wamwache aende. Nyanchera alijifungua salama tarehe 9 Septemba 1968, mtoto wa kike, akamwita Gesare, na mtoto huyo yuko hapa leo, ndiye yule anayemshika mkono Marion. Familia haisemi kwamba ni ungo ule uliomlinda, wala haisemi kwamba sio. Tunalosema ni kwamba mama yake alikula chakula tena kuanzia siku ile.

Tangu siku ile Gesare hakufuga nywele. Alizikata fupi kila mwezi, na kila mtu mpya aliyeingia saluni alishangaa, wasichana wa shule wa miaka hii ya sabini wenye afro kubwa wakamtania, "Auntie, msusi gani hana nywele?" naye, bila kuacha kazi iliyo mikononi, aliwajibu, "Zangu ziko Mosocho." Wengi walidhani ni mzaha wa wazee. Mwaka 1971 alifungua chumba cha pili hapa Nyamira, akawa anafanya kazi huku siku za soko la huku, akawafundisha wasichana wengi, na wote aliwafundisha kwanza kusalimia kichwa kabla ya kushika kitana, na kila mteja atoke mlangoni na kifungu chake mkononi kabla mwingine hajaketi. Wake wale wawili waliendelea kuja kwake, mwanzoni kila mmoja siku yake, hadi ile siku ya mwaka 1970, mtoto alipokuwa ameanza kutembea, walipoingia pamoja, na Nyanchera akashika bakuli la kanta wakati Mama Mong'ina anapakwa, akionyesha kwa kidole, "Hapa bado, dada, hapa umeacha mvi," na mkubwa wake akamjibu, "Huo niachie, huo ni wa Mungu."

Ugonjwa ulimwanza katikati ya mwaka 1975, uvimbe tumboni ambao aliuficha chini ya aproni yake, akafanyiwa upasuaji Agosti 1976, akapata nafuu, kisha Januari mwaka huu hali ikarudi. Alipokosa nguvu za kuinua mkasi, nywele zake zilianza kukua, na Marion alipotaka kuzikata alimzuia, akasema ziacheni zione njia. Zilitoka nyeupe zote, laini kama sufi, na Cleophas, aliyekuwa hajazigusa tangu mwaka 1968, alirudi kuzichana kila Ijumaa kabla jua halijazama, polepole, asijue atazichana mara ngapi. Mama Mong'ina alimletea kanta akamuuliza, "Nikupake, dada?" naye akatabasamu, akasema, "Acha. Mungu ana kazi nyingi, nisimpe na ya kunitafuta." Jumapili tarehe 6 Machi 1977, saa nne asubuhi, hapa nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Cleophas, alikata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upendo mjini Kisii, majirani waliochota maji na kupasua kuni bila kuombwa, wazee na washiriki wa kanisa, mafundi wa viatu walioifunga safu yao yote ya vibanda ili wawe hapa, na wasichana wake wa saluni, ambao jana walikuja na kufagia ua huu mzima wakiokota kila kitu kwa mkono kama alivyowafundisha.

Na tunawashukuru hasa Mama Mong'ina na Nyanchera, ambao Jumatatu asubuhi waliomba kumwosha na kumtayarisha kwa mikono yao wenyewe. Walioingia nao wanasema Mama Mong'ina hakugusa maji kwanza. Aliweka viganja viwili juu ya kichwa cheupe, akafumba macho, akanong'ona, "Bwakire buya, Gesare," akakaa hivyo, na Nyanchera akaweka viganja vyake juu ya vya mkubwa wake. Kisha kila mmoja akatoa kifuani kifungu cha jani la mgomba, kilichozeeka na kuwa cheusi, na Marion akatoa cha tatu kutoka katika kopo la uzi la mama yake, wakavifungua vyote, wakazimwaga nywele pamoja, wakaziweka chini ya kichwa chake, na hivi ndivyo anavyolala ndani ya sanduku hili mnaloliona.

Gesare, mke wetu, mama yetu, shemeji yetu, zimerudi kutoka Mosocho, hakuna uliobaki nyuma. Unatoka kwetu, na unakoenda wanakujua. Lala kwa utulivu, kichwa chako kimesalimiwa.